Meya, meneja au makamishna? Ulinganisho kwa anayetaka kuchagua mfumo wa kuendesha mji

Swali hili wengi wanaliuliza vibaya. Wanauliza "meya ana nguvu au hana?" alafu wanaishia kubishana kuhusu mtu, sijui mkali, sijui mpole, wakati swali lenyewe ni la makaratasi tu: nani anaweza kumfukuza nani kazi, na nani anaandika rasimu ya bajeti. Ukishapata majibu ya hayo mawili umeshaujua mfumo, hata kama wameupa jina la kupendeza kiasi gani.

Ili tusipotee njiani nitatumia kitu kimoja kidogo mwanzo mwisho. Mtaro wa maji ya mvua umeziba mbele ya nyumba yako. Barabara iliyo juu yake ni ya idara ya barabara, maji yanayopita ndani ni ya idara ya majitaka, na uchafu uliouziba ni wa idara ya usafi. Shimo moja, idara tatu. Sasa tuone kila mfumo unaufanyia nini huo mtaro.

Meya mwenye nguvu

Huu ndo unajulikana zaidi. Wananchi wanampigia meya kura yeye kama yeye, madiwani nao wanapigiwa za kwao, alafu meya anateua wakuu wa idara, anaandaa bajeti na kuipeleka barazani, na mara nyingi ana kura ya turufu juu ya sheria ndogo zilizopitishwa na baraza. New York iko hivyo, meya upande huu, madiwani 51 upande ule, na wakitaka kupindua turufu yake wanahitaji theluthi mbili.

Uzuri wake ni kwamba lawama ina anwani. Mtaro ukikaa wiki tatu, meya anawaita wakuu wa idara wote watatu mezani, wote amewateua yeye, na asiyetaka kusikia anajua kesho atakuwa nyumbani. Kwa mambo ya haraka, mafuriko, mgomo wa wazoa taka, hakuna mfumo unaoufikia huu.

Ubaya wake pia ni huo huo, mji unapanda na kushuka na mtu mmoja. Na mtu mwenyewe anachaguliwa kwa kampeni, siyo kwa kujua mitaro. Mfano ninaoupenda ni wa Hartlepool kule Uingereza, mwaka 2002 walipiga kura ya kwanza ya meya na akashinda jamaa ambaye kazi yake ilikuwa kuvaa vazi la nyani kwenye mechi za timu ya mpira ya mji, na ahadi yake kubwa ilikuwa ndizi za bure kwa watoto wa shule. Watu wakacheka, ila kabla hujacheka sana jua kwamba jamaa alichaguliwa tena mara mbili, kwa hiyo kazi aliiweza! Kilichokufa ni cheo chenyewe, wananchi walikifuta kwa kura ya maoni ya 2012.

Kuna pia meya dhaifu, na huyu watu wanamsahau ilhali ndo wa zamani zaidi. Marekani ya karne ya 19 waliogopa kumpa mtu mmoja madaraka, kwa hiyo wakayatawanya, baraza kubwa, bodi huku, kamati kule, maafisa kibao wa kuchaguliwa, meya amebaki wa kukata utepe. Matokeo yake ni kwamba madaraka yaliyotawanywa yaliokotwa na watu wa chama. William Tweed hakuwahi kuwa meya wa New York, lakini kupitia Tammany Hall, kikundi cha chama cha Democratic cha pale jijini, ndo alikuwa na kauli kwenye ajira na kandarasi za jiji, na jengo la mahakama lililojengwa wakati wake likameza mamilioni ya dola kwa ankara za uongo. Alikamatwa 1871 na akafia jela 1878. Ndo maana nikisikia mtu anasema "tumnyang'anye meya madaraka ili kusiwe na ufisadi" huwa nauliza, sawa, unayapeleka kwa nani? Kwa sababu madaraka hayapotei, yanahama.

Chicago ndo mfano mzuri zaidi wa hili jambo. Kwa maandishi Chicago ni mji wa baraza lenye nguvu, madiwani 50, meya siyo mkubwa kivile. Lakini Richard J. Daley, aliyekaa kitini kuanzia 1955 mpaka alipofariki 1976, aliendesha mji kama anavyotaka kwa sababu alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha Democratic wa kaunti, na diwani aliyemkaidi alijua kwamba nafasi za ajira kwenye kata yake zitakauka. Sheria ile ile, karatasi ile ile, 1983 anaingia Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo, na madiwani 29 wanaungana dhidi yake, amebaki na 21. Wale 29 wanakataa teuzi zake na kukamata kamati zote za maana, ila hawafiki theluthi mbili za kupindua turufu yake, kwa hiyo huyu anazuia na wale wanazuia, miaka mitatu inakatika hivyo. Mpaka 1986 kata 7 ziliporudia uchaguzi kwa amri ya mahakama, upande wake ukafika 25 kwa 25 na kura ya kuvunja sare ikawa ya meya. Sheria ya kuendesha mji haikubadilika hata nukta. Ukisoma mfumo bila kusoma siasa za pale utadanganyika mchana kweupe.

Makamishna

Huu nitausema japo sikushauri, kwa sababu historia yake ni tamu na kosa lake linafundisha.

Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kiliupiga mji wa Galveston, Texas, mji wa watu kama 38,000 hivi uliojengwa kwenye kisiwa cha mchanga. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 6,000 na 8,000, wengine wanasema zaidi. Baraza lililokuwepo lilikuwa hoi, madeni, na hakuna anayejua nani aanze wapi. Mwaka uliofuata wakalitupa, wakaweka watu watano, mwanzoni baadhi wakiteuliwa na gavana: mmoja mwenyekiti anayeitwa meya, mmoja fedha, mmoja polisi na zimamoto, mmoja maji na majitaka, mmoja barabara. Hawa watano ndo baraza la kutunga sheria na hao hao ndo wakuu wa idara. Hakuna mwingine.

Na ilifanya kazi! Wakajenga ukuta wa bahari, wakanyanyua mji wenyewe kwa kuujaza mchanga chini ya nyumba. Miji mingine ikaona, Houston ikaiga, Des Moines ikaiga 1907 na kuongezea haki ya wananchi kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake, na kwenye kilele miji karibu 500 ya Marekani ilikuwa hivi.

Sasa rudi kwenye mtaro wako. Kamishna wa barabara anasema ni majitaka, wa majitaka anasema ni usafi, na hapa tofauti na kwa meya hakuna wa juu yao wa kuwaita mezani, wote watano wamechaguliwa, wote wako sawa, hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake. Bajeti nayo inakuwa nikune nikukune, nipitishie yangu nikupitishie yako, maana anayetakiwa kumkagua kamishna wa fedha ni kamishna wa maji ambaye kesho anaomba hela kwa huyo huyo wa fedha. Baada ya tufani mfumo huu ni mzuri kwa sababu kila mtu anataka kitu kimoja. Mambo yakishatulia unakuwa mji wa falme tano. Galveston wenyewe waliuacha 1960. Portland, Oregon, ndo jiji kubwa lililong'ang'ania, kuanzia 1913, wananchi wakapiga kura 2022 kuuacha na kuanzia Januari 2025 wana meya, madiwani 12 na msimamizi wa jiji aliyeajiriwa. Miaka zaidi ya 100, mtu asikuambie kwamba mfumo mbovu unajifia wenyewe haraka.

Meneja wa kuajiriwa

Hapa wananchi wanachagua madiwani, madiwani wanamtafuta mtaalamu, wanamwajiri kwa kura ya walio wengi, na wanaweza kumfukuza kwa kura hiyo hiyo. Sehemu nyingine anaitwa mkurugenzi. Yeye ndo anaajiri wakuu wa idara na kuandaa bajeti, baraza linapitisha au linakata. Meya yupo, ila mara nyingi ni mwenyekiti wa vikao na sura ya mji kwa wageni.

Ulianzia Staunton, Virginia, 1908, walipomwajiri mhandisi Charles Ashburner asimamie kazi za mji. 1912 Sumter, South Carolina, wakauandika rasmi kwenye katiba ya mji wao, yani sheria mama ya mji, kwa mpango aliokuwa anaupigia debe mfanyabiashara mmoja, Richard Childs. Lakini kilichoupa mabawa ni maji tena. Machi 1913 mafuriko yakaifunika Dayton, Ohio, serikali ya mji ikazidiwa, na mwenye kiwanda John Patterson akageuza mafundi wake kuwa watengeneza mitumbwi na kiwanda kuwa kambi ya waliookolewa. Watu wakauliza, kama kiwanda kimeweza, mji umeshindwaje? Januari 1914 Dayton ikawa jiji kubwa la kwanza kuwa na meneja, mhandisi Henry Waite. (Mimi hilo swali lao naliona lina mtego. Kiwanda kina mwenye mali mmoja na kinajua kinauza nini, mji una watu wanaotaka vitu vinavyogongana, huyu anataka maegesho, yule anataka njia ya baiskeli pale pale. Ila kwa mafuriko, ni kweli, kiwanda kiliwashinda.)

Phoenix wako kwenye mfumo huu tangu 1914, na leo ni jiji la zaidi ya watu milioni 1.6 lenye meya na madiwani 8, kwa hiyo ile hoja kwamba meneja ni wa vimiji vidogo siyo kweli.

Kuna kipengele kimoja huwa kinawashangaza watu: katiba nyingi za namna hii zinamkataza diwani kumpa amri mfanyakazi wa mji moja kwa moja. Diwani wako hawezi kumpigia mhandisi simu na kumwambia njoo uzibue mtaro wa mpiga kura wangu. Anatakiwa apitie kwa meneja. Wengine wanaona ni urasimu, mimi naona ndo moyo wa mfumo, kwa sababu bila hicho mhandisi anakuwa na mabosi tisa na mtaro unaozibuliwa ni wa mwenye diwani mwenye sauti. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha baraza, sehemu ambayo kipengele hicho hakikuwepo, nikaona afisa mmoja wa barabara akiamriwa na madiwani watatu mambo matatu tofauti ndani ya dakika kumi, anaandika tu kwenye daftari, anaitikia "sawa mheshimiwa, sawa mheshimiwa", na uso wake ulionyesha kabisa kwamba hakuna hata moja litakalofanyika.

Ubaya wake? Mkubwa ni kwamba mtu mwenye nguvu kuliko wote humjui jina na hukumpigia kura. Ikiwa madiwani wamelala, au wamelazwa, hakuna mlinzi wa pili. Bell, California, mji wa watu chini ya 40,000 na wengi wao maskini, mwaka 2010 ikagundulika kwamba meneja wao Robert Rizzo anapokea mshahara unaokaribia dola 800,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya rais wa nchi, na madiwani waliotakiwa kumbana wenyewe walikuwa wanachukua karibu dola 100,000 kila mmoja kwa kazi ya muda mfupi. Mlango ulifunguliwa 2005 kwa kura ya kubadili katiba ya mji ambayo waliojitokeza hawakufika mia nne. Akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Unaona sasa, swali la nani anamfukuza nani lilikuwa na jibu zuri kabisa kwenye karatasi, tatizo ni kwamba mfukuzaji na mfukuzwaji walikuwa wanakula sahani moja.

Na usimchanganye meneja huyu na mifumo ya vichwa viwili. Baada ya vita ya pili ya dunia Waingereza walipeleka kwenye eneo lao la Ujerumani mpango wa meya wa heshima anayeongoza baraza na mkurugenzi mtaalamu anayeongoza ofisi, na jimbo la North Rhine-Westphalia likaishi nao mpaka miaka ya 1990. Shida ni kwamba wananchi walikuwa wanamlilia meya ambaye hana ofisi, na mkurugenzi mwenye ofisi hana kura. Sasa hivi meya wao anachaguliwa na wananchi na ndo bosi wa ofisi pia.

Kamati na "kabineti" ya mji

Huu wa nne nitaupitia haraka. Madiwani wenyewe ndo serikali, ama kwa kamati, ama kwa kuchagua kikundi kidogo kama baraza la mawaziri linalodumu tu likiwa na imani ya wengi, kama Oslo walivyofanya tangu 1986. Faida ni kwamba vyama vidogo vinapata kiti mezani. Hasara ni spidi, mtaro wako utajadiliwa na kamati, utapelekwa kamati nyingine, utarudi. Bristol, Uingereza, ilipima yote mawili, meya na kamati: 2012 wakachagua meya wa moja kwa moja, 2022 wakapiga kura kumfuta, Mei 2024 wakaingia kwenye kamati. Sababu iliyotajwa sana ni kwamba madiwani walijiona wamebaki watazamaji. Watu waliotetea umeya nao walisema kabla yake mji haukuwa na sauti. Wote walikuwa sahihi, na hilo ndo linaudhi kuhusu mada hii.

Kwa hiyo uchague upi

Mji mdogo au wa kati, fedha zinasuasua, siasa siyo za kuchinjana: meneja, bila kufikiria mara mbili. Mtaro unakuwa kazi ya fundi badala ya kuwa ahadi ya kampeni.

Jiji kubwa lenye makundi yanayovutana, ambalo linahitaji mtu wa kwenda kugombana na serikali kuu kuhusu hela: meya mwenye nguvu. Meneja hana ubavu huo, akisema neno la kisiasa tu nusu ya baraza inaanza kumtafutia mbadala. San Diego walikuwa na meneja tangu 1931, likaja sakata la mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, wananchi wakataka mtu wa kumnyooshea kidole, 2004 wakapiga kura na kuanzia 2006 wana meya mwenye nguvu. Dallas hawajasogea, 2005 pendekezo la meya mwenye nguvu lilipelekwa kwa wananchi mara mbili mwaka mmoja na mara mbili likakataliwa. Ni miji mikubwa yote miwili, kwa hiyo ukubwa peke yake haukuamulii.

Vyama vingi vidogo na hakuna anayefika nusu: kamati au kabineti, mkubali tu mwendo wa kobe. Makamishna: hapana.

Kama mnataka meya ila mnaogopa mfalme, angalia Japani. Meya anachaguliwa na wananchi, baraza pia, na baraza linaweza kumpigia meya kura ya kutokuwa na imani, inatakiwa theluthi mbili ya madiwani wawepo na robo tatu ya waliopo wakubali, lakini meya naye ana siku 10 za kulivunja baraza lote wakaombe kura upya. Yani kila mmoja ana bastola, na kila mmoja anajua akifyatua yeye pia anaweza kuanguka.

Rasimu ya katiba ya mji ikifika mkononi mwako ruka utangulizi wote wa maono na dhima. Tafuta kwanza ibara ya kumwondoa bosi wa watendaji, uone ni kura ngapi. Ikiwa meneja anaondolewa kwa wingi mdogo tu ataishi kwa kuwabembeleza madiwani, na ikiwa ni robo tatu hang'oki hata akilala kazini. Alafu tafuta nani anapanga mshahara wake na kama lazima utangazwe hadharani kabla ya kupitishwa. Alafu nani anamteua mkaguzi wa ndani, maana kama anateuliwa na anayekaguliwa hiyo ibara ni mapambo. Na mwisho angalia uchaguzi wenyewe unafanyika lini, ukiona wameuweka tarehe ya peke yake, katikati ya mwaka, siku ambayo hakuna kura nyingine yoyote, uliza kwa nini, kumbuka Bell na wale wasiofika mia nne.